JIKO LA KUCHOMEA NYAMA NA UTUNZAJI WAKE



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho watu wengi wanacho nyuma ya nyumba zao, wala hawakifikirii ila siku wanapokuwa na wageni. Chombo hicho ni jiko la kuchomea nyama. Siku ya Idi, au ya Krismasi, au ya harusi, hutolewa pembeni mwa ua, hupanguswa vumbi, hutiwa makaa, na nyama huwekwa juu yake. Wageni wakiisha kula na kuondoka, jiko huachwa pale pale lilipo, pamoja na jivu lake na mafuta yake, lingoje sikukuu nyingine. Kati ya sikukuu na sikukuu mvua hulinyea, umande huliangukia, na panya hulitembelea usiku. Mwenyewe akilirudia huona tumbo la jiko limetoboka, na wavu umekuwa mwekundu kwa kutu. Hapo husema, "Moto umelila jiko langu."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulipinga. Hatusemi ya kuwa moto haupunguzi chuma hata kidogo. Chuma chembamba kikiwa chekundu kila siku hupukutika magamba. Lakini jiko linalotumiwa mara moja kwa juma, au mara moja kwa mwezi, haliuawi na moto. Huuawa na yale yanayobaki baada ya moto kuzimika, yaani jivu, mafuta na unyevu. Wazee wana methali isemayo, "Moto huzaa jivu," nao huitumia kwa mtu hodari aliyezaa mwana goigoi. Lakini kwa habari ya majiko, huyo mwana goigoi ndiye wa kuogopwa. Maana baba hufanya kazi yake mbele ya macho ya watu, na mwana hulala kimya tumboni mwa jiko akila chuma usiku na mchana.

Basi kazi ya kulitunza jiko si kazi ya siku moja kwa mwaka, ya kutwa nzima yenye jasho na manung'uniko. Ni kazi ya robo saa tu, lakini ifanywe kila mara jiko linapotumika. Nasi twataka kuwaeleza robo saa hiyo hufanyiwa nini, na kwa sababu gani. Kwa kuwa mtu akijua sababu hasahau, na akipewa amri tupu huisahau kesho yake.

Majiko ya kuchomea nyama ni ya namna nyingi. Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Unguja, wauza mishikaki wengi hutumia jiko refu jembamba lisilohitaji wavu, kwa kuwa vijiti vya mishikaki hulala juu ya kingo zake mbili. Bara, ambako mbuzi huchomwa mbavu nzima na mapaja mazima, mara nyingi hutumika pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu wake, likawekwa juu ya miguu minne, na wavu wa chuma ukatandazwa juu yake. Pipa hilo ndilo lile lile la lita 200 linalochukuliwa mafuta. Wengine wana seredani ya kawaida tu, na wavu mdogo juu yake. Hata huko Marekani, jiko la duara lenye kifuniko, ambalo sasa lajulikana duniani, lilizaliwa kwa namna iyo hiyo ya kukigeuza kitu chenye kazi nyingine. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, alichukua boya la chuma la kuelea majini, nusu ya chini akaifanya jiko, na nusu ya juu akaifanya kifuniko.

Tofauti za majiko hayo ni za umbo tu. Yote yana mahali pa makaa, mahali pa nyama, matundu ya kuingizia hewa, na mahali ambapo jivu huangukia. Kwa hiyo maneno tutakayosema yafaa kwa yote, la tajiri na la maskini.

Sasa tuwatazame hao maadui watatu, mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni jivu. Jivu la makaa lina chumvi za namna ya magadi ndani yake. Likiwa kavu halina madhara makubwa. Lakini jivu hunywa unyevu wa hewa, kama chumvi ya jikoni inavyofanya wakati wa masika. Na likiisha kulowa hushikamana na chuma kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kidonda. Chuma kilichofunikwa hivyo hakipati kukauka, na chuma kisichokauka hakina budi kushika kutu. Mtu asiyesadiki na alitazame pipa lililotoboka, ataona ya kuwa mara nyingi matundu yameanza chini tumboni, palipolala jivu, na kwamba kingo za juu bado ni nzima. Tena jivu likijaa huziba matundu ya hewa. Moto ukikosa hewa makaa hayawaki sawasawa, nyama hukawia, na mpishi huongeza makaa juu ya makaa, akidhani ya kuwa makaa ni mabaya. Makaa hayana kosa. Jiko ndilo limezibwa pumzi.

Adui wa pili ni mafuta. Nyama ya mbuzi, ya ng'ombe, au ya kuku, ikipata moto hutoa mafuta, nayo hudondoka. Mengine huungua juu ya makaa, mengine hubaki juu ya wavu, na mengine hutambaa kwenye kuta za jiko hata yakaganda. Mafuta hayo ya zamani yana mambo matatu mabaya. La kwanza, huchacha, na uvundo wake huwaita panya, mende na siafu. La pili, yakirundikana huweza kushika moto kwa ghafula siku makaa yatakapokuwa makali, na ndimi za moto zikapanda juu hata kuunguza nywele za mpishi au makuti ya banda. La tatu, mafuta yakiungua hutoa moshi mzito, na moshi huo una vitu ambavyo wataalamu wamethibitisha ya kuwa baadhi yao huleta saratani. Nyama iliyofukizwa kwa moshi wa mafuta machafu si nyama ya kumpa mgeni.

Adui wa tatu ni unyevu, nao ndio huwapa nguvu hao wawili. Pwani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Jiko lililoachwa wazi karibu na ufuko huzeeka upesi kuliko ndugu yake aliyeko Dodoma au Tabora, hata kama walitengenezwa na fundi mmoja siku moja.

Hapa yatupasa kujibu neno linalosemwa na wapishi wengi. Husema, "Wavu ukisafishwa sana hupoteza ladha, weusi wake ndio utamu wa nyama." Neno hili lina ukweli nusu na uongo nusu, na mtu akishindwa kuzitenganisha nusu hizo hataweza kulitunza jiko lake. Juu ya wavu pana weusi wa namna mbili. Upo weusi mwembamba, laini, unaong'aa kidogo, usiotoka mtu akiupitisha kidole. Huo ni mafuta yaliyopata moto pole pole hata yakageuka kuwa ngozi ngumu juu ya chuma. Ngozi hiyo ni nzuri sana. Huzuia maji yasiguse chuma, na huzuia nyama isigande. Yafaa ilindwe kama rangi ya mlango. Lakini upo pia weusi wa pili, mnene, wenye mabonge, unaopukutika na kuchafua kidole. Huo ni masizi na mabaki ya nyama ya juzi yaliyoungua. Huo haumpi mtu utamu wowote ila uchungu, nao huificha kutu inayoendelea chini yake. Basi kanuni ni hii: weusi usiotoka uacheni, weusi unaopukutika uondoeni.

Tukiisha kuwajua maadui, sasa twende kazini. Kazi ina sehemu tatu: kabla ya kupika, baada ya kupika, na ile ya kila mwezi au kila baada ya mavuno ya sikukuu.

Kabla ya kupika, washeni makaa, na wavu uwekwe juu yake ukiwa mtupu, kwa muda wa dakika kumi au robo saa. Joto hili hufanya kazi mbili. Huyakausha na kuyavunja mabaki yaliyogandia, na huviua vijidudu vilivyokaa juu ya chuma. Kisha wavu ukiwa bado na moto, ukwangueni. Watu wengine hutumia nusu ya kitunguu kilichochomekwa katika uma mrefu, wakausugua wavu kwa upande uliokatwa. Na maji ya kitunguu yakigusa chuma cha moto hugeuka mvuke na kuyalegeza mabaki. Dawa hii ni rahisi na haina hatari, nayo yatosha kwa wavu usiokuwa mchafu mno. Baada ya hayo, chukueni kitambaa kilichokunjwa, kishikeni kwa koleo, kichovyeni katika mafuta ya kula kidogo sana, na kuupangusa wavu wote. Mafuta yakiwa mengi yatadondoka na kuwaka. Yatakiwa yaufanye wavu ung'ae tu, yasichuruzike. Hapo ndipo nyama iwekwe.

Juu ya kukwangua tuna onyo moja, nalo si la kupuuzwa. Madukani huuzwa brashi za waya, na watu huzipenda kwa sababu zafanya kazi upesi. Lakini brashi ikizeeka hupoteza nyuzi zake za chuma. Uzi mmoja mwembamba kama unywele hubaki juu ya wavu, hushikwa na nyama, na mlaji huumeza pasipo kujua. Katika mji wa Providence, huko Marekani, waganga walieleza habari za watu sita waliotibiwa kati ya mwezi wa Machi 2011 na mwezi wa Juni 2012, kwa sababu ya nyuzi za namna hiyo. Wengine zilikuwa zimewachoma kooni, na wengine zilikuwa zimetoboa matumbo. Kwa hiyo tumieni bamba la chuma lenye mpini, au kipande cha mti mgumu kilichochongwa ncha bapa, au kumbi la nazi. Aliye na brashi ya waya na aitazame kila mara. Akiona nyuzi zimelegea aitupe, na kila atumiapo aupanguse wavu kwa kitambaa kibichi kabla ya kuweka nyama. Bei ya brashi ni ndogo kuliko bei ya kupasuliwa tumbo.

Sasa tuje kwenye kazi ya baada ya kupika, ambayo ndiyo roho ya maneno yetu. Hii ndiyo saa ambayo watu wameshiba, mazungumzo yamenoga, na hakuna apendaye kuinuka. Lakini wavu ukiwa bado na moto mafuta yake ni laini, na dakika tano zatosha. Ukipoa, mafuta hayo huwa kama lami, na kesho yake hata saa nzima haitoshi. Basi nyama ya mwisho ikiisha kutolewa, mmoja wenu na aukwangue wavu pale pale juu ya makaa, apate kuacha mabaki yaungue yenyewe. Kisha apake mafuta kidogo kama tulivyosema, makaa yaliyobaki yayakaushe. Hivyo kila mara jiko linapotumika, ile ngozi nzuri nyeusi huongezeka badala ya kupungua.

Msimwage maji juu ya jiko lenye moto ili kulizima. Mvuke utokao huunguza mikono na uso. Chuma cha kalibu kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka. Na jivu lililolowa ndilo lile tulilokwisha kulilaani. Kama jiko lina kifuniko na vidirisha vya hewa, vifungeni vyote, na moto utakufa wenyewe kwa kukosa hewa. Makaa yatakayosalia yatafaa kwa siku nyingine, na hiyo ni faida. Kama halina kifuniko, acheni makaa yaishe yenyewe mahali palipo salama, mbali na watoto na mifugo. Mkilazimika kuyazima upesi, yatoeni kwa koleo moja moja na kuyatia katika ndoo ya maji. Lakini jiko lenyewe lisiloweshwe.

Hapo twafika kwenye neno zito kuliko yote ya jioni hii. Jivu laweza kuonekana jeupe na baridi juu, na chini yake makaa yakawa hai. Makaa yaliyofunikwa na jivu huweza kukaa na moto hata zaidi ya siku nzima. Mtu akilizoa jivu hilo asubuhi na kulitupa jaani penye karatasi na majani makavu, au kulitia katika ndoo ya plastiki kando ya nyumba, amepanda moto asioujua saa ya kuchipuka kwake. Jivu na lingoje siku mbili nzima kabla ya kuzolewa. Kama haiwezekani, litieni katika debe la chuma lenye kifuniko, liwekwe juu ya mchanga au saruji, mbali na ukuta wa miti na paa la makuti.

Tena wapo watu ambao usiku wa baridi, au mvua inaponyesha, huliingiza jiko lenye makaa ndani ya nyumba, wapate kuota moto au kulikinga na maji. Wasikilizaji wetu, twawasihi msifanye hivyo, hata kwa dakika chache. Makaa yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, wala haimkohozi mtu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ambayo ndiyo hewa ya uhai. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huenda asiamke tena. Watu wa nyumba moja wote huweza kufa usiku mmoja wakiwa wamelala vizuri vitandani mwao. Kutokuwako kwa moshi si dalili ya usalama, kwa kuwa kaa jekundu lisilo na moshi ndilo hasa linaloitoa. Mvua ikija, acheni jiko linyeshewe. Jiko laweza kununuliwa jingine.

Siku ya tatu, jivu likiwa limepoa kabisa, lizoeni lote, na kuzipangusa kuta za jiko kwa fagio kavu. Yachokoeni matundu ya hewa kwa kijiti. Jivu hilo si takataka. Jivu la makaa ya miti safi, yasiyotiwa mafuta ya taa, hufaa kunyunyizwa shambani kwa kiasi kidogo, maana hupunguza uchachu wa udongo na kuupa chakula cha mimea. Kadhalika hufaa kwa kusugulia sufuria, kama walivyofanya mama zetu. Kwa kuwa magadi yaliyomo ndani yake yakikutana na mafuta hugeuka kuwa kama sabuni. Hata wavu wenyewe waweza kusuguliwa kwa jivu na kumbi la nazi, mradi usuuzwe kwa maji safi na kukaushwa mara moja. Ajabu ni hii, ya kwamba adui wa jiko, akishikwa na kutolewa nje, huwa mtumishi.

Sehemu ya tatu ni kazi ya kila mwezi, au ya kila baada ya kupika mara nyingi. Siku hiyo uondoeni wavu na kuuosha kwa maji ya moto na sabuni. Masizi yaliyogandia kwenye kuta yakwangueni. Penye kutu pasugueni kwa msasa au kwa mchanga mkavu. Na kutu ikiwa shupavu, paka maji ya ndimu na chumvi, ngoja nusu saa, kisha sugua, osha na kukausha. Ukali wa ndimu huiyeyusha kutu. Lakini ndimu isiachwe ikalala, maana ikimaliza kutu itaanza kukila chuma. Ama wavu uliopakwa nikeli au enameli, huo usisuguliwe kwa mchanga wala msasa, kwa sababu ngozi yake ikikwaruzwa kutu huingia chini yake. Kisha pakeni mafuta ya kula juu ya chuma kitupu, kwa uchache, na kuwasha moto wa kadiri kwa muda wa saa moja. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu, na weusi ule mzuri utarudi. Chumvi isiachwe ndani ya mafuta hayo, kwa maana chumvi na chuma si marafiki.

Siku iyo hiyo itikiseni miguu ya jiko, mwone kama imelegea. Zitazameni bawaba na mipini. Jiko linaloanguka likiwa na makaa ni msiba, hasa penye watoto wanaochezacheza. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tundu la ukubwa wa kunde tumboni mwa pipa laweza kuzibwa na fundi kwa kipande cha bamba, lakini likiwa la ukubwa wa sahani, hapo hapana ila kununua pipa jingine. Mkimaliza, wekeni jiko chini ya paa, juu ya matofali mawili lisiguse ardhi. Likifunikwa kwa turubai, mwacheni upepo upite chini yake. Kifuniko kinachobana hufungia unyevu ndani, nao huleta kutu kuliko hata mvua yenyewe.

Twapenda kuongeza neno kwa wale watakaomwendea fundi kutengenezewa jiko jipya. Kwanza ulizeni pipa lilikuwa na nini. Pipa lililochukua dawa ya kuua wadudu wa shambani halifai kabisa kwa chakula, hata likioshwa mara saba. Pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto na mtu asiyejua kazi hiyo, kwa kuwa mvuke uliosalia ndani huweza kulipuka na kumwua. Pipa la mafuta mengine lazima lichomwe moto mkali kwanza, tupu, rangi na mabaki yote yateketee, ndipo lisuguliwe na kuoshwa. Pili, msikubali wavu uliotengenezwa kwa waya wa ua, au kwa bati, vilivyopakwa zinki ili visishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 420 hivi za Celsius, na makaa makali huweza kupita joto hilo. Mvuke wa zinki iliyoungua humletea mtu homa na kifua kumbana. Takeni nondo au fito za chuma kitupu. Huo wavu utashika kutu msipoutunza, ni kweli. Lakini utunzaji wake mmekwisha kuusikia.

Na walio na majiko ya gesi wasidhani ya kuwa hayawahusu. Mafuta hudondoka kwao vile vile, na sinia ya kuyakingia yataka kumwagwa kabla haijajaa. Zaidi ya hayo, buibui hupenda kufuma ndani ya mirija ya gesi jiko likikaa bila kazi, na mrija ulioziba huweza kurudisha moto nyuma. Na mpira wa gesi upakwe povu la sabuni mara kwa mara. Penye mapovu yanayovimba ndipo gesi inapovuja. Msiutafute uvujaji kwa kiberiti.

Swali la mwisho ni hili: nani afanye kazi hii? Katika nyumba nyingi anayechoma nyama husifiwa, na anayesafisha jiko hajulikani. Baba huchoma mbele ya wageni akiwa na uma mrefu mkononi. Kesho yake mtoto au mtumishi huachiwa jivu na mafuta, pasipo kuelezwa jambo lolote, naye hulimwagia jiko maji akaenda zake. Sisi twaona ya kuwa haki ya sifa na wajibu wa kusafisha vyafaa viende kwa mtu mmoja. Aliyeuwasha moto ndiye ajuaye makaa yalikuwa mengi kiasi gani, ndiye ajuaye yako wapi yaliyo hai chini ya jivu. Na akiwa na mtoto kando yake, amfundishe kazi yote, mwanzo na mwisho, wala asimfundishe nusu iliyo tamu tu.

Kwa muuza mishikaki neno hili ni zito zaidi, maana jiko lake ndilo shamba lake. Mteja hulitazama jiko kabla ya kuitazama nyama. Akiona kingo safi, wavu unaong'aa weusi wake, na moto usio na moshi wa mafuta ya jana, hukaa kitako na kuagiza.

Basi wasikilizaji wetu, yakumbukeni haya: wavu ukwanguliwe ukiwa na moto, jivu lingoje siku mbili, kisha litolewe lote, mafuta yapakwe kwa uchache, jiko likae pakavu, na makaa hai yasiingie ndani ya nyumba wanamolala watu. Atakayeyashika hayo atachomea wageni wake nyama kwa jiko lile lile miaka mingi, na wageni hao watarudi kwao salama.

Kwaherini, na usiku mwema.